Mti Mmoja, Wenyewe Watatu

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua hili daftari kwa sababu ya hasira. Mtu anayeishi peke yake kama mimi hapa mtaa wa West Indies, Eldoret, hasira asipoiandika ataipeleka kwa jirani, na majirani zangu nimeshawamaliza.

Leo asubuhi ameingia ofisini kwangu, pale mjini ninapochapa barua na kutoa fotokopi, mwalimu mmoja wa makamo anaitwa Kimeli. Mpole, viatu vimejaa vumbi la mbali. Akaweka bahasha mezani. Ndani kuna maelezo ya mashahidi saba, ameyaandika kwa mkono wake, anataka niyachape. Nikasoma pale juu: "Madai ya Wasororek, watu wa asili wa msitu wa Kapsororek, kuhusu ardhi ya mababu zao."

Nilitaka kumrudishia papo hapo. Ardhi ya mababu! Mimi hayo maneno nayajua. Januari 2008, baada ya uchaguzi, yalisemwa mlangoni kwa baba yetu, mtaa wa Langas, na duka likaungua na sukari yake yote ndani. Tukalala chini ya turubai kwenye kiwanja cha maonyesho, mimi, baba, na ndugu yangu Kuria. Baba hakukanyaga Langas tena mpaka tukamzika. Halafu leo mtu ananiletea nimchapie?

"Mama, hawa wamechomewa nyumba," Kimeli akasema. Nadhani aliuona uso wangu. "Mwezi wa kwanza. Wako kando ya msitu chini ya nailoni."

Nailoni. Nikaichukua bahasha, lakini nimekasirika.

Jumatano, 12 Machi

Ngai! Hawa watu hawawezi hata kukubaliana! Kuna mti mmoja mkubwa wa podo juu ya chemchemi, wanatundika mizinga ya nyuki pale. Mama Chelimo, ambaye ndiye mkubwa wao, anasema podo ni yake. Mzee Lawrence anasema podo ni yake. Ukurasa wa sita, Mama Joy naye anasema ni ya kwao tangu nyanya yake. Sasa jaji akisoma hivyo si atacheka tu? Atasema hawa ni waongo watatu wanapigania mti mmoja, wapelekwe nyumbani.

Na huo uandishi! Mtu anaanza na nyuki, anaingia kwa mtoto wake aliyekufa, anarudi kwa nyuki.

Alhamisi, 13 Machi

Nimenyoosha yote. Podo nimempa Mama Chelimo kwa sababu ya umri. Nimeondoa hadithi, nimepanga aya, nimeweka "kwa unyenyekevu mkubwa" mahali panapofaa. Miaka ishirini na sita nachapa Kiswahili, hakuna barua imewahi kutoka hapa ikiwa chafu. Hata wakinichukiza, kazi ni kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekuja kuweka sahihi, wote saba, mbele ya wakili wa viapo wa hapo jengo la pili. Kimeli alinieleza tukisubiri. Kuna kampuni inaitwa Anga Safi, inataka kuuza hewa ya ule msitu kwa watu wa ng'ambo. Biashara ya kaboni. Nikamwambia hewa haiuziki, akaniambia inauzika sana. Ili iuzike, msitu usiwe na watu. Familia arobaini zilichomewa nyumba mwezi wa kwanza, na zilizobaki zimepewa notisi ziwe zimetoka kufikia tarehe 31 Mei. Kesi yao hapa nyumbani imeahirishwa miaka kumi na moja. Kwa hivyo wakili wao, Bi Mideva, anaipeleka kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Banjul, Gambia, kuomba amri kwamba asiguswe mtu yeyote hadi kesi isikizwe.

Mama Chelimo ni mfupi, amejifunga shuka mbili. Kabla ya kuweka kidole aliniangalia.

"Umeandika nilivyosema?"

"Vizuri zaidi," nikamwambia.

Akaweka kidole. Walipoondoka nikachoma karatasi za mkono kwenye jiko, kama ninavyofanya na siri za kila mteja.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua! Imepiga mabati tangu saa nane mpaka nikashindwa kusikia redio.

Jumapili, 30 Machi

Nimeenda Moiben kwa Kuria. Ameshapanda mahindi, amefurahi, mpaka nilipomtajia kazi ya Wasororek. Aliweka kikombe chini.

"Wee Nyaguthii, umerogwa? Unawachapia watu wa 'turudishiwe ardhi' kwa mkono wako mwenyewe? Leo ni msitu, kesho ni shamba langu. Wewe umesahau, mimi sijasahau."

"Ni kazi, Kuria."

"Hata kuchimba kaburi ni kazi."

Nilirudi mjini bila kumaliza chai. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Ijumaa, 4 Aprili

Bi Mideva alipita kuchukua fotokopi. Mwanamke mrefu, anatembea haraka, anaongea haraka, hana muda wa kukaa. Aliacha kijitabu mezani: Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili. Nikasema nitaangalia kidogo tu wakati wa chakula. Nimefunga ofisi saa kumi na moja na sijala!

Kifungu cha kumi kinasema watu hawa hawatatolewa kwa nguvu kwenye ardhi yao. Hawatahamishwa bila ridhaa yao, tena ridhaa huru, inayotolewa mapema, wakiwa wameelezwa kila kitu. Nilisoma nikasimama. Nikasoma tena nikiwa nimesimama. Nilikuwa nadhani haya mambo ya "asili" ni ya mtu kumwambia mwenzake toka, mimi nilikuja kwanza. Kumbe hawa ndio wanaotolewa! Hawa ndio sisi, chini ya nailoni!

Azimio lilipitishwa Septemba 2007. Miezi minne baadaye sisi tulikuwa kwenye kiwanja cha maonyesho. Nimekaa na hiyo tarehe jioni nzima. Sijui kama kuna mtu Eldoret nzima alikuwa amesikia habari zake.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempigia Bi Mideva kumuuliza maswali kumi na mbili. Aliyajibu yote. Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda mbele ya Tume hiyo hiyo. Waogiek walishinda Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2017. "Lakini usifurahi sana, Mama," akasema. "Amri si askari. Kushinda ni jambo moja, kurudi nyumbani ni jingine."

Mimi nimefurahi tu. Atanifanya nini?

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimemfundisha mama wa mboga kifungu cha kumi. Ameniuzia sukuma akanitoroka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefanya jambo baya. Wacha niandike polepole.

Bi Mideva aliingia saa nne, hakunisalimia. Akapanga yale maelezo saba juu ya meza yangu, moja kando ya lingine.

"Soma mstari wa kwanza wa kila moja."

Nikasoma. Kwa unyenyekevu mkubwa. Kwa unyenyekevu mkubwa. Mara saba.

"Mama Chelimo huongea hivyo? Anasema 'aidha'? Mzee Lawrence ambaye hajaingia darasani anasema 'hali kadhalika'?"

Nikamwambia nimerekebisha lugha tu, kila mteja wangu hurekebishiwa lugha.

"Na mti wa podo?"

Nikamwambia na huo pia. Kwamba walikuwa wanapingana, nikawaokoa. Hapo akakaa chini, na akikaa chini Bi Mideva ujue mambo yameharibika.

Jana alikuwa ameongea na Mama Chelimo kwa simu, akamuuliza podo ni ya nani. Mama Chelimo akasema, "Ni yangu, na ya Lawrence, na ya kina Joy." Hakuna anayepingana na mwingine! Ukoo wa Lawrence ndio wenye haki ya kutundika mizinga pale. Ukoo wa Chelimo ndio wenye chemchemi chini yake, na hakuna anayewasha moshi wa kulinia asali hapo bila neno lake, kwa sababu majivu yakiingia kwenye maji ni kosa. Ukoo wa Joy ndio wenye gome, hulichukua kwa dawa ya mama aliyejifungua, na asali ya kwanza hupelekwa kwao. Kila mti mkubwa wa msitu huo una wenyewe namna hiyo. Ukiwauliza wewe, kila mmoja atasema "ni wangu" na atakuwa anasema kweli.

"Unajua hiyo ni nini?" Bi Mideva akaniuliza. "Hiyo ni sheria. Watu waliokuja jana hawana mti wa wenyewe watatu. Upande wa pili wanasema hawa ni wavamizi waliofuata mbao. Hicho kitu kimoja ndicho kingewajibu, na wewe umekifuta. Na ukawapa maelezo saba ya mtu mmoja, yaonekane yametungwa."

"Si tutoe ya mkono?"

"Yako wapi?"

Nikaangalia jiko. Aliangalia jiko na yeye.

Yale niliyoharibu yameshatumwa Banjul tangu mwisho wa mwezi uliopita. Bi Mideva anasema tuna hadi tarehe 30 kuyabadilisha, kabla hawajaangalia ombi. Mashahidi wako kando ya msitu, barabara imekatika kwa mvua, Kimeli mwenyewe hutembea saa tatu.

"Umeandika nilivyosema?" aliniuliza yule mama. Na mimi na kiburi changu! Nimelia, na si kidogo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Sikusikia mahubiri. Baada ya kanisa nilienda moja kwa moja Moiben. Kuria ana gari la kubebea mahindi, refu, lenye minyororo ya matope, na hakuna gari lingine ninalolijua la kupanda kule. Nilimweleza yote bila kujitetea. Alicheka mwanzoni, halafu akaacha.

"Kwa hivyo unataka mimi, Kuria, niwapelekee hao watu karani?"

"Nataka unipeleke mimi. Baba alipochomewa hakuna mtu aliandika neno lake hata moja. Mimi nimeletewa maneno ya watu saba nikayatia jikoni. Ukikataa nitatembea."

"Na hizo nyonga zako?"

"Nitatembea na nyonga zangu."

Halafu akaniambia nije na gambuti zangu za matope.

Jumatano, 23 Aprili

Tumerudi leo mchana na nimechoka hadi kope, lakini lazima niandike!

Tulitoka jana alfajiri. Tulikwama mara nne. Mara ya tatu Kuria alitukana matope, serikali, mimi, na Gambia. Wakaja wanaume kumi hivi kutoka juu kule, bila kuitwa, wakaliinua gari karibu walibebe. Ni Wasororek. Kuria aliwashukuru bila kuwaangalia.

Juu kule ni baridi ya kuuma meno. Nailoni zimepangwa kando ya ukuta wa miti, na nyuma yake msitu wenyewe, mweusi, unatoa ukungu. Mama Chelimo alikuwa anapepeta mtama. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Yote ilipotea.

"Mama, sikuandika ulivyosema. Niliandika nilivyotaka mimi."

Akaendelea kupepeta.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Keti sasa. Andika."

Basi! Hakunitukana hata. Ningefurahi angenitukana. Nikaketi kwenye kigogo, laptopu magotini, printa ikila umeme wa betri ya Kuria, Kimeli akitafsiri pale Kiswahili kilipoisha. Saa sita mfululizo! Nikachapa kila kitu. Nyuki, mtoto aliyekufa, nyuki tena. Na kumbe yule mtoto hakuwa hadithi ya kupoteza njia: alizikwa upande wa chini wa podo, ndiyo maana Mama Chelimo hataki moshi pale. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfuta. Kila sentensi nilimsomea mwenyewe, naye alinikatiza, "Hapana, sikusema 'karibu na mto'. Nilisema ng'ambo." Nikafuta. Nikaweka ng'ambo.

Mzee Lawrence na Mama Joy walipofika kwenye habari ya podo, kila mmoja akasema ni yake, na wenzao wakiwa wameketi hapo wakitikisa vichwa kukubali. Nilicheka mpaka Mama Joy akauliza huyu ana nini.

Nilidhani Kuria yuko kwa gari. Kumbe alikuwa nyuma yangu muda wote. Tulipomaliza akasogea mbele ya Mama Chelimo, na ninamjua ndugu yangu, niliona ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mama, nikuulize bila kukukosea heshima. Mimi ni wa kuja. Nina shamba Moiben. Mkirudishiwa huu msitu, mtakuja na kwangu?"

Hata Kimeli aliinamisha kichwa.

"Moiben," Mama Chelimo akasema. "Kule chini kwenye mahindi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuna miti?"

"Kuna mikaratusi michache."

"Sasa mzinga nitautundika wapi, kwa hindi?"

Watu walicheka hadi wakalala chini. Kuria pia! Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa Langas. Halafu yule mama akaacha kucheka, akamwambia polepole, "Mtu aliyechomewa nyumba hachomi ya mwenzake. Akichoma, hakuchomewa vizuri." Wakacheka tena, lakini Kuria hakucheka. Alivaa kofia akaenda kuangalia injini ambayo haikuwa na shida yoyote.

Ijumaa, 25 Aprili

Bi Mideva amefurahi na maelezo. Ameyasoma akitembea. Lakini kuna jambo. Yale ya kwanza yako Banjul, na mtu atauliza kwa nini yamebadilika. Anahitaji hati ya kiapo kutoka kwa aliyeyabadilisha.

"Yaani mimi."

"Wewe. Jina lako kamili, na kila ulichofanya. Itakuwa kwenye faili, Mama, na faili husomwa. Sitakulazimisha."

Nimesema nitafikiria. Jina la Nyaguthii Mbuthia, mwenye ofisi Eldoret, ndani ya kesi ya ardhi. Miaka yote hii sijaweka hata bango la chama mlangoni. Uchaguzi uko mwaka kesho kutwa. Naogopa, na sioni haya kusema naogopa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeapa. Nilijichapia mwenyewe: "Mimi, Nyaguthii Mbuthia, nilibadilisha maneno ya mashahidi bila ruhusa yao, nikidhani nayafanya mazuri." Sahihi ilitoka mbaya. Sikuirekebisha.

Kuria amepiga simu kuuliza kama nimeapa. Nikajibu ndiyo. Akasema, "Sawa," akakata.

Jumatano, 30 Aprili

Karatasi mpya zimefika Banjul! Wamejibu kwamba wamepokea!

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Hakuna jibu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna jibu. Kimeli anasema watu wa Anga Safi wameonekana wakipiga miti rangi nyekundu.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna. Nimemchapia mtu barua ya posa nikamwandikia "ridhaa huru ya mapema". Amenilalamikia.

Ijumaa, 23 Mei

Siku nane. Bi Mideva naye ameacha kutembea haraka. Kuria amepiga simu mara tatu wiki hii, anajifanya anauliza bei ya mbolea.

Jumatano, 28 Mei

IMETOKA! Saa tano na robo! Bi Mideva aliingia akikimbia, amevua viatu, ameshika viatu mkononi! Tume imeitaka serikali isimwondoe mtu yeyote Kapsororek, na waliotolewa waruhusiwe kurudi, mpaka kesi isikizwe. Na katika sababu zao, ukurasa wa pili, wametaja podo! Kwamba mpangilio wa haki juu ya mti mmoja unaonyesha uhusiano wa muda mrefu wa watu hawa na msitu wao. Tulikumbatiana tukagonga printa ikaanguka. Iache iharibike!

Halafu akanikumbusha, amri si askari. Ameshapeleka nakala katika kila ofisi inayohusika. Jumamosi ndiyo tarehe 31. Tutaona kama wataitii.

Jumamosi, 31 Mei

Kuria alikuja kunichukua bila kuombwa.

Tulipofika walikuwa wamesimama wote kwenye lango la msitu, wazee, watoto, wamama na sufuria zao. Saa nne gari la askari likapanda kilima. Akashuka mkubwa wao, Kimeli akampa nakala. Alisoma muda mrefu sana. Akaenda pembeni na simu. Akarudi, akamrudishia Kimeli karatasi kwa mikono miwili.

"Tumeambiwa tungoje," akasema. "Leo hatuna kazi hapa."

Gari likageuka. Tulilitazama mpaka mlio ukapotea, na bado hakuna aliyepiga kelele. Hawakuamini. Nadhani hata mimi sikuamini.

Mama Chelimo akaniambia, "Wewe. Isome. Yote."

Nikapanda juu ya gari la Kuria nikaanza kusoma, sentensi moja mimi, sentensi moja Kimeli kwa lugha yao. Neno kwa neno, sikuongeza hata nukta. Nilipomaliza kusoma kwamba waliotolewa waruhusiwe kurudi, Mama Chelimo akageuka. Akaokota panga lake, akaingia msituni. Mzee Lawrence akamfuata. Halafu Mama Joy, halafu wote. Nikabaki juu ya gari na karatasi, nawaona migongo.

"Haiya! Rudini! Kuna kurasa mbili zaidi!"

Mama Chelimo hakusimama. Alikuwa ameshaanza kukata mwanzi wa kujengea ukuta, na Kuria, mwenye shamba la Moiben, alikuwa kando yake akiubeba.

"Umesema turudi, tumerudi," Mama Chelimo akanipigia kelele kutoka huko ndani. "Hayo mengine tusomee tukijenga."

Basi nikashuka, nikaingia msituni, nikawasomea wakijenga.